Kishimo cha Kwanza

Jumatatu, 22 Februari 1993

Mke wangu Katarina ameondoka leo kwenda shamba, ng'ambo ya mto. Amemchukua mtoto wetu Eliza, kuku watano, neti nzuri na sufuria yangu ninayoipenda. Hatarudi mpaka mpunga uanze kukomaa. Ndivyo tulivyo sisi Wandamba: mvua zikikaribia, nyumba ya mjini inaachiwa mtu mmoja, wengine wote wanahamia kwenye dungu kufukuza ndege na nguruwe. Mwaka huu mtu huyo ni mimi, kwa kuwa maabara haina likizo ya mpunga. Nimejichukulia daftari moja la kliniki lisilo na kazi, niandike humu jioni badala ya kuzungumza na mende wa mtaa huu wa Lipangalala.

Jumamosi, 27 Februari

Ngusa, mfugaji wa Kisukuma, amekuja na maziwa, kama kila Jumamosi ya gulio. Kaya yake iko mbele ya kijiji cha Kisawasawa, saa tatu kwa baiskeli, na kibuyu hakimwagiki hata tone. Novemba mkewe Nyamizi alijifungua pale kituoni kwetu, akatoka damu mpaka kitanda kikalowa. Ndugu waliokuwepo hakuna aliyelingana naye damu. Mimi ni kundi O, nikalala kitanda cha pili nikatoa. Aliamka. Mtoto wakamwita Agapiti, jina langu, ingawa mdomoni mwa baba yake limebaki Gapiti.

"Daktari," aliniambia leo, "wajina wako ameota meno mawili."

Nimemwambia mara mia mimi si daktari, ni msaidizi wa maabara. Hataki kusikia. Nimekunywa vikombe viwili.

Jumanne, 2 Machi

Treni ya TAZARA imeleta vipimo vipya kutoka Dar. Sista Yosefina, mkuu wa maabara, alilipokea boksi kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa ubatizo. Vipimo vya zamani vilikuwa vinashika virusi vya UKIMWI vya aina moja tu. Hivi vinashika na aina ya pili, ambayo Sista anasema iko zaidi Afrika Magharibi na nchi za Wareno. Nilimuuliza sisi huku bondeni inatuhusu nini. Akasema, "Kipimo hakichagui mwenyeji, Agapiti."

Alhamisi, 4 Machi

Naandika polepole ili nisikosee.

Kila tunapopima, kishimo cha kwanza kwenye sahani tunaweka damu tunayojua haina virusi. Cha pili tunaweka tunayojua inavyo. Kisha wagonjwa wanafuata. Cha kwanza kibaki cheupe, cha pili kiwe njano, hapo ndipo unaamini vingine. Damu ya kishimo cha kwanza huja na boksi, kichupa kidogo, na kila mara huisha kabla ya boksi. Kwa hiyo miaka miwili sasa kishimo cha kwanza ni mimi. Najitoa damu kila baada ya miezi michache, nazungusha kwenye mashine, nagandisha maji yake kwenye friji, kwenye chupa niliyoiandika SAFI kwa herufi kubwa. Wenzangu wananitania kwamba mji mzima unapimwa kwa Agapiti. Sitadanganya, nilipenda utani huo.

Leo, kwa mazoea, nikakihifadhi kichupa kipya na kuweka SAFI. Dakika zikatimia. Kishimo cha pili njano. Wagonjwa kumi na mmoja: wawili njano, tisa weupe. Kishimo cha kwanza njano.

Nilikigeuzia dirishani. Nikakifuta kwa chini labda sahani ilikuwa na uchafu. Njano ilikuwa ndani.

Sista alikuwa wodini. Niliiosha sahani nikaandika kwenye rejista: kipimo kimeharibika, kurudia. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe na mimi nikiitazama.

Ijumaa, 5 Machi

Nimerudia. Safari hii kishimo cha kwanza nimeweka kichupa cha kiwandani: cheupe. SAFI nimeiweka cha mwisho kabisa, bila namba: njano. Nikatoa kipimo cha zamani kilichobaki kabatini: SAFI nyeupe, vilevile kama miaka miwili yote.

Kwa hiyo kipimo hakijaharibika; huenda ni aina ya pili, ile ambayo cha zamani hakiioni. Naogopa. Nimeandika neno hilo nikalitazama, na bado ni lilelile.

Jumamosi, 6 Machi

Maziwa. Ngusa alikaa kwenye kiti changu, akasifu mvua. Mimi nilikuwa namtazama anavyocheka, nikihesabu. Tangu nirudi kutoka jeshini nimewapa wagonjwa damu mara tatu. Mzee mmoja alifariki kwa ini lake, mtoto mmoja kwa malaria. Aliyebaki hai ni mmoja.

Jumanne, 9 Machi

Mvua kutwa.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Mto Lumemo umepanda. Nimejipima uzito: kilo sitini na nne, kama mwaka jana. Nimejipima tena mchana.

Jumatatu, 15 Machi

Sista ameshika kichupa cha kiwandani juu ya mwanga, kimebaki robo.

"Nani anakunywa kontro yangu?" aliuliza. "Na ile chupa yako ya majivuno iko wapi?"

Nilisema imechacha. Sista Yosefina amekaa maabara miaka ishirini na sita, na maji ya damu yakiwa kwenye barafu hayachachi. Alifunga mlango. Akavuta kigoda, akakaa karibu sana, akasubiri. Nikamwambia yote kuhusu kishimo cha kwanza.

Nilitegemea anipigie ishara ya msalaba. Aliniuliza swali moja: "Msumbiji?"

Msumbiji, ndiyo. Mwaka 1988 kikosi chetu kilikuwa Zambezia, gari letu likakanyaga bomu la ardhini, nikaongezewa chupa mbili za damu hospitali ya Quelimane. Ndiyo maana nikawa mtoaji: nilipewa, nami nikatoa. Sista aliandika "kuongezewa damu, Msumbiji" kwenye fomu, akaona inatosha.

Humu ndani hakuna Sista, kwa hiyo naandika kilichobaki. Mocuba, hukohuko Zambezia, kulikuwa na mwanamke pia, miezi minne. Alikuwa anatupikia. Sijui ni chupa au ni yeye, na sitajua.

Alhamisi, 18 Machi

Damu yangu imeondoka na treni ndani ya flaski ya barafu. Dar wana kipimo cha mistari kinachosema ni aina gani. Majibu wiki nane, labda kumi. Nilimuuliza Sista kuhusu Nyamizi. Akanijibu kwamba jibu la kipimo kimoja halitolewi kwa mtu yeyote, na kwamba huo ndio utaratibu. Nilimshukuru kuliko inavyostahili.

Jumamosi, 20 Machi

Maziwa.

Jumamosi, 27 Machi

Maziwa. Ngusa anasema Gapiti ni mnyonyaji hatari, hamwachii mama yake nafasi ya kusonga ugali. Nilicheka kwa sauti kubwa mno, jirani akachungulia.

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Jana nilivuka kwa mtumbwi kwenda shamba. Maji yamejaa hadi kwenye ngazi ya dungu. Mpunga umefika kiunoni, kijani mpaka macho yanauma. Niliondoka Lipangalala nimeipanga sentensi, nikairudia njia nzima, na mpiga kasia akadhani nasali.

Katarina alikuwa amenikaangia samaki kitoga, akanichagulia kipande cha mgongoni. Eliza alinionyesha kombeo lake na kwelea aliowaangusha. Sentensi ikakwama. Usiku nilisema mgongo unauma, nikalala chini kwenye mkeka.

Leo asubuhi Katarina alinitazama sana wakati nafunga viatu. "Baba Eliza," alisema, "kama kuna mtu huko mjini, niambie kabla sijaambiwa."

"Hakuna mtu," nikasema. Ni kweli, na ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia.

Jumamosi, 17 Aprili

Maziwa. Nimevimba tezi shingoni, upande wa kushoto. Sista ameibonyeza akasema ni jino bovu. Ni jino bovu kweli, nimeling'oa. Nilifurahi kung'olewa jino.

Jumamosi, 24 Aprili

Leo Ngusa hakuja peke yake. Nyamizi alikuwa nyuma ya baiskeli, mtoto mgongoni, anasema anasikia kizunguzungu akiinama.

"Shikamoo daktari."

Ni binti wa miaka ishirini na mbili hivi. Nikamwambia twende nipime wekundu wa damu. Huo ulikuwa ukweli nusu, na mimi nilijua nusu ipi. Nilifunga mpira kwenye mkono wake. Nilipochukua sindano kubwa kuliko inayohitajika, nikamuuliza kama haogopi.

"Niogope nini?" alisema. "Chukua tu. Si ni yako?"

Nilikosa mshipa mara mbili. Sijawahi kukosa mshipa mara mbili tangu mafunzo. Gapiti alikuwa ananyonya huku amenikodolea macho, meno yake mawili yakionekana kila akipumzika. Wekundu wa damu ulikuwa mdogo kidogo, nikampa vidonge vya chuma. Chupa yenyewe niliitia mfukoni.

Jumatatu, 26 Aprili

Nilimwambia Sista nilichofanya. Alinikasirikia kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi: kuchukua damu ya mtu bila kumwambia unachotafuta. Kisha akavaa glavu, akapima mwenyewe.

Njano.

Kipimo cha zamani: nyeupe. Sawasawa na mimi.

Sista akavua glavu. Akasema tuipeleke Dar, tusubiri jibu la mistari, halafu tutawaita wote wawili kwa utaratibu. Nikasema, ndiyo, Sista. Nimekuwa nasema ndiyo, Sista kwa miaka minne, lakini leo nililishika neno hilo kwa mikono miwili.

Naushukuru utaratibu. Kama si utaratibu ningelazimika kuwa mwanamume.

Jumamosi, 1 Mei

Maziwa. Mtoto hajambo, ananyonya.

Jumamosi, 8 Mei

Maziwa. Ananyonya.

Jumatano, 12 Mei

Mvua zimepungua. Asubuhi milima ya Udzungwa ilionekana yote, na mimi sikuwa na la kufanya nayo. Barua haijaja. Nimekwenda stesheni mara mbili wiki hii, karani ameanza kuniuliza nasubiri mchumba gani.

Jumamosi, 15 Mei

Ngusa alifika asubuhi, akaacha kibuyu, akaenda gulioni. Mchana Katarina akatokea bila taarifa, na debe la mpunga wa kwanza kichwani. Alikiona kibuyu kimejaa mezani, nzi juu ya kizibo.

"Huyanywi?"

Nikasema yananishinda. Akaketi. Mke wangu hana haraka. Anaweza kukaa kwenye dungu saa saba akitazama kona moja ya shamba mpaka nguruwe ajitokeze. Alinitazama hivyohivyo. Nikajitokeza.

Nilimwambia juu ya kishimo cha kwanza. Nilimwambia juu ya chupa mbili za Quelimane. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na Mocuba. Hakulia. Alifungua kanga akaifunga upya, akauliza nilijua lini. Nikasema Machi.

"Pasaka ulikula samaki wangu ukijua."

"Ndiyo."

"Ukalala chini, mimi nikalia usiku kucha nadhani una mwanamke."

Akaniuliza nani mwingine. Nikamwambia juu ya Nyamizi, kwamba tunasubiri barua, kwamba utaratibu unakataza. Hapo ndipo alipokasirika. Habari zangu na zake alizipokea ameketi, hizi zilimsimamisha.

"Mimi hasira zangu zitasubiri, mpunga unasubiri kukatwa, sisi wawili ni watu wazima," alisema. "Yule binti ana mtoto kifuani. Leo amenyonya. Kesho atanyonya. Wewe unasubiri barua gani, Agapiti?"

Tangu tuoane hajawahi kuniita kwa jina.

Jumatatu, 17 Mei

Sista amempima Katarina, vipimo vyote viwili. Nilikaa nje chini ya dirisha, nikasikia saa ya ukutani ikigonga dakika zote. Weupe. Weupe. Sista amemwambia arudie baada ya miezi mitatu, na kwamba wanasema aina hii haiambukizi kwa wepesi kama ile nyingine, na ugonjwa wake hukua polepole. Dawa hakuna, ya hii wala ya ile.

Katarina alipita mbele yangu akaenda kuoga. Kisha akatoka na kusema, "Kesho unakwenda Kisawasawa."

Sista naye, niliporudi kumuaga, alikuwa tayari ameandika kwenye karatasi jinsi ya kuchemsha maziwa ya ng'ombe na kuyapunguza uzito kwa maji. "Mama asiye na ng'ombe nisingethubutu kumwambia aache kunyonyesha," alisema, "kuhara kungemmaliza mtoto kwanza. Hawa wana ng'ombe." Hakutaja utaratibu, na mimi sikumkumbusha.

Jumanne, 18 Mei

Nimerudi.

Nilifika jua limeshapanda. Ngusa alikuwa anasuka kamba mlangoni mwa zizi. Alifurahi sana, ni mara yangu ya kwanza kufika kwake. Alitaka kuchinja. Nilimwomba asichinje, nikaomba tukae watatu, na watu wazima wengine wa kaya wakatupisha. Nyamizi alikaa kwenye ngozi, mtoto amelala titi mdomoni.

Nilisema kwa Kiswahili cha kawaida, bila maneno ya maabara. Kwamba damu niliyompa Novemba ilikuwa na virusi vya UKIMWI, vya aina ambayo kipimo chetu cha wakati ule kilikuwa hakiioni. Kwamba nilikuwa sijui. Kwamba mwezi uliopita nilimpima bila kumwambia, na yeye anavyo. Kwamba bila damu ile angekufa siku ile, na hilo sikulisema ili anisamehe, nilikuta tu limetoka. Kwamba mtoto anaweza kuvipata kwa kunyonya, au labda hajavipata, na aachishwe leo.

Ngusa aliendelea kusuka. Vidole vilikuwa vinakwenda, uso umesimama.

Nyamizi ndiye aliyesema. Aliingiza kidole kwenye kona ya mdomo wa mtoto, akalitoa titi taratibu ili asiamke.

"Umejua lini, daktari?"

Ningeweza kusema wiki hii. Barua ya Dar haijafika, ningeweza hata kusema bado hatujui. Nilisema, "Tarehe ishirini na sita ya mwezi uliopita."

Hajasoma shule lakini hesabu anaijua. Alitazama chini akahesabu kwa midomo, siku kwa siku, na alichokuwa anahesabu hakikuwa siku, ni mara alizomnyonyesha.

"Nilikuwa naja kila Jumamosi," Ngusa akasema. "Nakaa kwenye kiti chako."

Nikasema ndiyo.

"Nenda nyumbani."

Nilimpa karatasi ya Sista. Hakuipokea, nikaiweka juu ya kigoda na jiwe juu yake. Nilipokuwa nainua baiskeli mtoto aliamka, akaanza kulia njaa. Nilimsikia mpaka barabarani.

Jumamosi, 22 Mei

Hakuna maziwa.

Jumanne, 25 Mei

Barua imekuja, wametupima wote wawili kwa pamoja. Agapiti: aina ya pili. Nyamizi: aina ya pili. Karatasi moja tu, mihuri mitatu. Sista aliisoma, akaniwekea mkono begani, hajawahi. Wiki zote hizi nilikuwa nasubiri karatasi hii iniambie la kufanya, na haina hata mstari mmoja wa kuniambia hilo.

Katarina amerudi shambani kuvuna. Aliniachia sufuria. Sijui maana yake, nimeogopa kuuliza.

Jumamosi, 29 Mei

Ngusa alifika kabla ya saa mbili asubuhi. Hana kibuyu. Hakukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni na jasho la njia nzima. Nilimwamkia, akaitikia kwa kichwa.

"Mtoto anakataa," alisema. "Siku ya kumi na moja leo. Bibi yake amejaribu, shangazi amejaribu. Kikombe anakipiga, anatapika, amekonda. Mama yake amejifunga kifua kwa kanga, anakaa zizini asimsikie. Jana nusura ampe."

"Mleteni kituoni," nikasema.

"Hapana. Utakuja wewe, umnyweshe wewe. Jina ni lako."

Tulipanda baiskeli zetu, yeye mbele, mwendo wa saa tatu. Nilikuwa na kijiko kidogo cha maabara mfukoni, nimekichemsha. Njiani niliogopa kuliko siku ya kishimo. Siku ile nilikuwa naogopa kufa, na kumbe hilo lina mwisho wake.

Nilichemsha maziwa mwenyewe, nikapima maji, nikapoza. Nyamizi aliletwa kutoka zizini, akakaa mlangoni akitugeuzia mgongo, kanga imelowa maziwa kifuani. Nikampakata Gapiti. Amekuwa mwepesi. Kijiko cha kwanza alikitema kwenye shati langu, cha pili pia. Cha tatu nilikigusisha mdomoni tu nikasubiri, nimetulia, kama Katarina anavyosubiri shambani. Alilia akanyamaza, akalia, akaulamba mdomo. Kisha akafungua.

Ngusa alikuwa amechuchumaa, anahesabu kwa Kisukuma. Alipofika tisa mtoto akalala na kijiko kimo bado mdomoni. Nyamizi hakugeuka. Aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa ametazama ng'ombe, "Amemeza?"

"Amemeza," nikasema.

Damu ya mtoto Sista ataichukua Jumatatu, na safari hii wameambiwa inatafutwa nini. Nalala hapa kwao leo, kwa sababu ataamka na njaa na bado hajui mkono mwingine. Vijiko tisa asubuhi, kumi na vinne mchana, jioni hii kumi na sita.